Begi la Mlima Lifungwe kwa Ajili ya Kushuka: Maswali na Majibu

Kazi yangu ni kupokea wapanda mlima walioteremshwa wakiwa hoi. Mara nyingi begi lina kila kitu, ila mwenyewe alichelewa kugeuka. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wanaojiandaa.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?

Ni mwili kushindwa kuzoea hewa nyepesi. Kiwango cha oksijeni ni kile kile, asilimia 21, lakini kanieneo la hewa, yaani msukumo wake, hupungua kadiri unavyopanda, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye mita 5,500 limebaki karibu nusu. Dalili huanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu. Kuwa kijana mwenye mazoezi si kinga.

Nibebe dawa ya kichwa?

Beba, lakini ujue kazi yake. Nilimpokea kijana aliyeshushwa mgongoni mwa mwenzake. Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na karatasi ya vidonge kumi vya parasetamoli, vimebaki viwili. Kwa siku mbili, kila kichwa kilipomgonga alimeza, kikapoa kidogo, akaendelea kupanda. Tulipomsimamisha hakuweza kupiga hatua tatu bila kuyumba, na aliponijibu jina lake alilitafuta kwanza. Ubongo ulikuwa umeshaanza kuvimba.

Dawa ya maumivu inanyamazisha kichwa, haiongezi oksijeni. Kichwa kikiuma ukiwa juu, usipande. Meza dawa ukitaka, lakini kaa hapo hapo upumzike. Dalili zikiisha kabisa, endelea taratibu. Zikizidi, au zikigoma kuisha baada ya siku nzima, shuka.

Na asetazolamidi? Si ndiyo dawa yenyewe ya mwinuko?

Inausaidia mwili kuzoea, na kwa kawaida huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Iandikwe na daktari anayejua afya yako. Tafadhali, acheni kuazimana vidonge kambini. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Utakojoa mara kwa mara na vidole vitachonyota, usishtuke.

Kinga kubwa zaidi ni siku za kutosha. Ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku mwingine hapo hapo. Anayebana safari ili arudi kazini Jumatatu amepunguza kinga ambayo hakuna kidonge kitakachomrudishia.

Kwa hiyo nikiwa nimemeza kinga, naweza kupanda kichwa kikiuma?

Hapana. Nimeulizwa hili kwa namna nyingi na jibu ni hilo hilo: hapana. Hata kama kilele kinaonekana. Hata kama umelipia.

Nguo zipi?

Acha fulana za pamba. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na pamba iliyolowa jasho inakaa mwilini kama kitambaa cha maji baridi. Ya ndani iwe ya sintetiki au sufu, juu yake sweta zito, na nje koti la kuzuia upepo na mvua. Soksi za kulalia zifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Buti mpya zivae nyumbani wiki kadhaa kabla. Malengelenge nayaona kila msimu.

Miwani ya jua ni lazima?

Kwenye theluji, ndiyo. Miale inayorudi kutoka chini huunguza macho.

Nina kisukari, au pumu. Dawa niweke wapi?

Mwilini mwako au kwenye begi unalobeba mwenyewe. Begi kubwa likiwa kwa mpagazi, linaweza kuwa saa tatu mbele yako. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka baadaye. Ikae karibu na ngozi, na usiku iingie nawe kwenye mfuko wa kulalia.

Vidonge vya usingizi, au pombe kidogo ya kupasha mwili?

Viache nyumbani. Vinapunguza kupumua usiku, wakati ambao oksijeni ya mwili tayari imeshuka.

Dalili gani hazisubiri?

Kuyumba kama mlevi. Kushindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka. Kuchanganyikiwa. Kuhema ukiwa umekaa tu. Kikohozi chenye povu au makohozi ya rangi ya waridi. Moja tu kati ya hizi inatosha: shuka. Oksijeni ikiwepo apewe, huku mnashuka. Mita 300 hadi 1,000 kwenda chini mara nyingi hubadilisha hali ya mgonjwa. Asishuke peke yake, na asiachwe hemani "alale kidogo apate nafuu". Wanaoachwa hivyo ndio ninaowapokea wakiwa hawaamki.

Na ikiwa ni usiku?

Usiku huo huo, njia ikipitika. Ndiyo maana kwenye begi dogo, juu kabisa, nataka tochi ya kichwani, betri za akiba zilizokaa mahali pa joto, glavu kavu na filimbi.