Mei Mosi si Gazeti la Serikali: dhana potofu za mameneja rasilimali watu kuhusu sheria za kazi

"Rais ametangaza, basi imeshakuwa sheria kwa wote."

Hii ndiyo inayowatesa wengi huku kanda ya kati. Mei Mosi ya 2025 iliadhimishwa kitaifa Singida, na Rais Samia akatangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Fikiria meneja wa kiwanda cha kukamua alizeti hapo hapo mjini: foleni mlangoni, kila mtu na video yake kwenye simu, anataka laki tano.

Tangazo lile lilihusu serikali. Sekta binafsi hufuata Amri ya Mshahara, ambayo hutolewa na waziri mwenye dhamana ya kazi na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ile ya 2022 ilianza kutumika Januari 2023. Mpya imeanza 1 Januari 2026 na kupandisha wastani wa kima cha chini kutoka 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani tu; kila sekta ina kiwango chake kwenye jedwali, na cha hotelini si cha mgodini. Kwa hiyo meneja aliyewajibu watu wake "hiyo haituhusu" alikuwa sahihi siku ile. Kama alifunga faili hapo na amri ya kwao ikampita, kila mwisho wa mwezi anaongeza deni.

"Sheria ninayo kwenye simu."

Unayo ipi? Nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi ni ile ya Toleo la 2019. Baada ya hapo imekuja Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi Na. 1 ya 2025, ambayo pamoja na mengine imemwongezea muda wa likizo mama aliyejifungua mtoto njiti, juu ya zile siku 84 tulizozikariri. Kisha sheria zote zimefanyiwa urekebu, yaani kuchapishwa upya pamoja na marekebisho yake, Toleo la 2023, lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Kabla hujanukuu kifungu kwenye barua ya kumwachisha mtu kazi, hakiki namba yake kwenye toleo hilo. Wakili wa upande wa pili hataona haya kukuumbua mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

"Kazi ni kazi, sheria ni ile ile."

Dodoma hii, ambako mtu anaweza kuhama kutoka kampuni binafsi kwenda wizara iliyoko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kosa hili ni rahisi mno. Kwa sekta binafsi, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya 2016, anatakiwa kwanza amalize ngazi za rufaa zilizomo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma ndipo aende kwenye sheria za kazi. Afisa utumishi asiyelijua hili humwelekeza mtu njia isiyo yake, na muda unakatika.

"Aliye kwenye majaribio unamtoa tu."

Hapana. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka aelezwe upungufu wake, asikilizwe na apewe nafasi ya kujirekebisha.

"Kufuatilia mabadiliko ni kazi ya mwanasheria wa kampuni."

Kampuni nyingi za hapa hazina mwanasheria. Zina wakili anayepigiwa simu mambo yakishaharibika. Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa, na hukumu za Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Mpe mtu mmoja ofisini jukumu hilo kwa jina, tena liandikwe kwenye majukumu yake ya kazi. Mimi ningemchagua anayeandaa mishahara, kwa sababu amri ikibadilika, karatasi ya kwanza kukosewa ni yake.