Hadubini ya mamilioni: unalipia nini hasa?

Lenzi moja ya mara 100 ya daraja la juu kabisa, ile iliyochongwa maneno Plan Apo, inauzwa maelfu ya dola. Nasema lenzi tu, kitu kinachoenea kiganjani. Kwa pesa hiyo kituo cha afya hapa Kilimanjaro kinapata hadubini nzima za kusomea malaria, tena zaidi ya moja, na chenji ya slaidi na mafuta ya kudondoshea chini ya lenzi inabaki. Ndiyo maana msimu wa bajeti ukifika simu yangu haipumziki. Watu wa maabara wa Moshi na Arusha wananipigia wakiwa na profoma mbili mkononi, moja ya milioni nne na nyingine ya milioni arobaini, na swali lao ni lile lile: "Fundi, hii kubwa itatuonyesha nini ambacho hii ndogo haionyeshi?"

Kwa kazi nyingi za maabara zetu, karibu hakuna. Lakini yapo mambo ambayo hela hiyo inayanunua kweli, na mengi kati yake hayapo pale ambapo muuzaji anaelekeza kidole.

Tuanze na kikomo, maana hakuna fedha inayokivuka kwa hadubini ya kawaida ya mwanga. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena kule Ujerumani aliyefanya kazi na Carl Zeiss, alionyesha kwamba mwanga wenyewe una mwisho wake. Kioo kisuguliwe kwa ustadi wowote, vitone viwili vikikaribiana kupita kiasi fulani vitaonekana kimoja. Kiasi hicho kinategemea urefu wa wimbi la mwanga, na upana wa pembe ambayo lenzi inapokea mwanga huo. Upana wa pembe ndio unaobebwa na ile namba iliyochongwa ubavuni mwa lenzi baada ya mkwaju: 40/0.65, 100/1.25. Sisi mafundi tunaiita NA, kifupi cha Kiingereza cha numerical aperture. Chukua urefu wa wimbi, gawa kwa NA iliyozidishwa kwa mbili, umepata kikomo.

Tupige hesabu kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550. Lenzi ya kawaida ya 100/1.25 inafika nanomita 220. Ile ya maelfu ya dola, yenye NA ya 1.40, inafika nanomita 196. Tofauti ni nanomita 24. Sasa chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 na ushei. Mdudu wa malaria wa falciparum akiwa bado kipete kichanga anachukua kama moja ya tano ya upana wa chembe hiyo. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa nanomita 2,000 hadi 4,000. Hakuna hata mmoja wao anayejificha ndani ya hizo 24.

Hapo hapo niwaseme wauzaji wa mtandaoni wanaotangaza hadubini ya laki nne inayokuza mara 2,000 au 2,500. Ukuzaji wenye faida unaishia kama mara elfu moja ya NA, kwa hiyo lenzi ya 1.25 inaishiwa kwenye mara 1,250. Ukiizidishia kwa lenzi ya macho ya mara 20, ni sawa na kuivuta picha ya WhatsApp iliyopigwa vibaya: inakuwa kubwa, ila sura ya mtu bado huitambui.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye profoma yoyote. Hesabu niliyopiga inachukulia kwamba mwanga unaingia kutoka chini kwa pembe pana sawa na ile ya lenzi. Kazi hiyo ni ya kondensa, lile kopo la vioo chini ya steji (meza ya kuwekea slaidi) lenye kiwambo cha kufungua na kufunga. Kwa ukamilifu wake, unagawa urefu wa wimbi kwa jumla ya NA ya lenzi na NA ya kondensa. Na kondensa ndicho kitu kinachonyanyaswa kuliko vyote katika maabara ninazozitembelea. Mwanga ukimwumiza mtu macho, hagusi kitufe cha taa. Anashusha kondensa hadi chini au anafunga kiwambo, na kesho yake anayempokea zamu anadhani ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa tazama matokeo. Ile lenzi ya 1.40, kiwambo kikiwa kimefungwa mpaka kondensa inatoa 0.5 tu, inatenganisha nanomita 289. Lenzi ya bei ndogo ya 1.25, kondensa ikiwa juu na wazi kwa 0.9, inatenganisha 256. Hadubini ya milioni arobaini imeshindwa na ya milioni nne, na hakuna kilichoharibika hata skrubu moja.

Ukitaka kujua yako iko wapi, fanya hivi leo leo. Weka slaidi ya damu na uilenge kwa lenzi ya mara 40. Chomoa lenzi moja ya macho, kisha chungulia ndani ya bomba tupu. Utaona duara dogo la mwanga kule chini. Funga kiwambo cha kondensa polepole, na utaona kingo zake zikiingia kutoka pembeni, zikilila lile duara. Sasa fungua tena mpaka duara lijae robo tatu au zaidi, acha kingo zionekane kidogo tu, halafu rudisha lenzi ya macho. Mwanga ukizidi, punguza kwenye taa. Nimewafanyia watu zoezi hili wakabaki kimya, wengine wakaifuta barua ya kuomba hadubini mpya. Wengine barua waliituma hivyo hivyo, na siwalaumu, maana fungu la fedha lisipotumika linarudi.

Barua nyingine za namna hiyo chanzo chake ni mafuta. Mtu anasoma kwa mara 100, lenzi inayozama kwenye tone la mafuta, anazungusha kurudi kwenye mara 40, na lenzi ya 40 inapita juu ya tone la mafuta. Yanakauka pale. Baada ya wiki kadhaa inaandikwa kwenye daftari kwamba hadubini "ina ukungu". Karatasi ya kufutia lenzi na dawa kidogo ya kusafishia, kazi imekwisha.

Haya, hela iende wapi? Shilingi ya kwanza ya ziada ningeilipia neno Plan. Lenzi ya kawaida isiyo na neno hilo inaonyesha katikati vizuri na kingo zinafifia, kwa hiyo msomaji anahangaika na kitufe cha kulengea siku nzima. Plan inaisawazisha picha hadi pembeni. Ikiambatana na lenzi za macho zenye uwanja mpana, faida yake inahesabika: lenzi ya macho iliyoandikwa 18, kwenye mara 100, inakuonyesha duara la milimita 0.18; iliyoandikwa 22 inakupa 0.22. Eneo linaongezeka karibu nusu. Anayehesabu wadudu dhidi ya chembe nyeupe 200 anafikia idadi yake akiwa amesogeza slaidi mara chache zaidi, na shingo yake inamshukuru jioni. Bahati nzuri, Plan yenye uwanja mpana inapatikana katika hadubini za bei ya kati. Huhitaji kupanda hadi juu.

Apo, yaani daraja la juu kabisa, ndiyo shilingi ya mwisho. Abbe alizileta lenzi hizo mwaka 1886 akitumia vioo vipya vya Otto Schott pamoja na fuwele asilia za floriti, ili rangi tatu zikutane mahali pamoja badala ya mbili. Leo lenzi moja ya aina hiyo ina vipande vingi vya kioo ndani yake, kila kimoja kimewekwa kwa vipimo ambavyo mkono wa kawaida hauviwezi. Bei si ya wizi. Ni kazi kweli. Picha inapendeza: kile kitone chekundu cha mdudu kinakaa peke yake bila upindo wa zambarau kuzunguka. Lakini mdudu aliyekuwepo bado yupo, na asiyekuwepo hajaongezeka.

Tena zipo lenzi za gharama zinazomwadhibu asiyezijua. Lenzi kavu (isiyotumia mafuta) ya 40/0.95 inadai kioo cha kufunikia sampuli chenye unene wa milimita 0.17 barabara, ndiyo maana ina pete ya kurekebishia. Iweke juu ya slaidi ya damu isiyofunikwa, picha inakuwa maziwa. Ile ya 40/0.65 inavumilia zaidi. Na kwenye mkojo, ambapo sampuli inaelea kwa kina chake, lenzi ya 0.95 inalenga tabaka jembamba mno hata ukaona nusu ya chembe na kuikosa nyingine. Kwa choo na mkojo mimi nitachagua 0.65 hata kama nyingine inatolewa bure.

Kuna watu wawili ambao nawaambia walipe bila kusitasita. Wa kwanza ni mtaalamu wa patholojia katika hospitali kubwa kama KCMC, anayekaa kwenye kiti asubuhi hadi jioni akisoma vinyama vya saratani. Kwake rangi sahihi, uwanja mpana na kichwa cha hadubini kinachoinama kufuata urefu wake si anasa. Macho yake ndiyo kipimo, na yakichoka kipimo kimeharibika.

Wa pili ni anayefanya kazi ya mwanga wa floresensi, yaani sampuli yenyewe ndiyo inayong'aa ikimulikwa. Hapo NA ina nguvu isiyo ya kawaida: kwa ukuzaji ule ule, mng'ao unapanda kwa NA kipeo cha nne (NA × NA × NA × NA). Kutoka 1.25 hadi 1.40, picha inang'aa zaidi kwa asilimia 50 na kitu. Hiyo unaiona kwa macho, huhitaji kushawishiwa. Ila hata huko, angalia kazi yenyewe. Kwa makohozi yaliyopakwa auramini, rangi inayong'aa, unasoma kwa mara 20 au 40, huhitaji lenzi ya kifahari. Mwaka 2011 WHO ilipendekeza hadubini za floresensi zenye taa za LED kwa kifua kikuu, na sababu mojawapo inanigusa mimi fundi: taa ya zebaki inakufa baada ya saa 200 au 300, ya LED inakwenda makumi ya maelfu. Siku hizi GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, imechukua kazi ya kugundua, lakini makohozi bado yanasomwa kufuatilia wagonjwa walio kwenye dawa.

Naifahamu hadubini moja ya utafiti, ya msaada, nzuri kupita maelezo, iliyo katika taasisi ambayo sitaitaja. Taa yake ya zebaki iliungua. Taa mpya haikuwamo kwenye bajeti ya mtu yeyote, kwa sababu hadubini yenyewe haikuwahi kuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Imefunikwa nailoni, na wanafunzi wanasomea kwenye zile ndogo za pembeni. Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu hadubini ghali, swali langu la kwanza ni nani atakayeitengeneza, yuko mji gani, na taa ya akiba iko wapi. Jibu likiwa "tutawasiliana na kampuni", mimi narudi kwenye ile ya milioni nne. Ningependa hata ziwe mbili, moja ikiharibika wagonjwa wasirudishwe nyumbani.

Hali ya hewa yetu nayo haijui bei. Masika ya Machi hadi Mei yakishika, unyevu unaingia kabatini na kuvu huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui, ikila utando wake. Lenzi yenye vipande vingi ina sehemu nyingi za kuota, na ukishaona nyuzi zikiwa katikati ya vipande vilivyogandishwa pamoja, aga. Silika jeli kwenye kasha lililofungwa vizuri, ile inayogeuka kutoka bluu kuwa pinki ikilowa, imeokoa lenzi nyingi kuliko mimi. Ikigeuka, ikaange kidogo, itarudi. Na stabilaiza ni lazima. Umeme wetu unajulikana, na saketi ya hadubini ghali mara nyingi haina mbadala dukani.

Mwisho kuhusu mtumba, kwa kuwa wengi mnauliza. Hadubini ya zamani ya Kijerumani au Kijapani yenye namba 160 kwenye lenzi zake inaweza kuwa ununuzi bora kuliko mpya ya bei hiyo hiyo. Namba 160 ni urefu wa bomba kwa milimita, kipimo kilichotumiwa na watengenezaji wengi, na uzi wa skrubu ulikuwa mmoja, kwa hiyo lenzi ikifa unatafuta nyingine na mara nyingi inakubali. Za sasa zenye alama ya ∞ zinategemea lenzi nyingine iliyo ndani ya bomba, na urefu wa fokasi wa lenzi hiyo kila kampuni ina hesabu yake: Nikon na Leica milimita 200, Olympus 180, Zeiss 165, na ukizichanganya, rangi na ukuzaji vinayumba. Ukienda kuitazama, beba tochi na slaidi yako mwenyewe ya damu iliyopakwa rangi ya Giemsa. Fungua lenzi ya mara 100, igeuze, ichungulie kutoka nyuma huku tochi ikimulika mbele, utafute nyuzi za kuvu na mapovu pembeni. Kisha lenga slaidi, iache dakika kumi, urudi uchungulie tena. Picha ikiwa imeshuka yenyewe, gia zimelika, na bei ishuke nayo.