Plazma Ndani ya Sumaku: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Katika mtambo wa myeyungano wa nyuklia, unaounganisha viini vya atomi ili kupata nishati, plazma (gesi ya moto mkali iliyogawanyika kuwa ayoni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, na elektroni) ikigusa ukuta, mtambo hulipuka kama bomu.

Ukweli: Katika ITER, tokamaki (mtambo wa umbo la pete unaoishika plazma kwa sumaku) inayojengwa Ufaransa, plazma itajaza mita za ujazo 840 kwa joto la nyuzijoto milioni 150 za Selsiasi, lakini uzito wake wote hautafika gramu 1. Ikigusa ukuta inapoa, inachafuliwa na chembe za chuma, na myeyungano unakoma. Kinachoumia ni mtambo wenyewe. Plazma ikivurugika ghafla, joto lake humwagika ukutani ndani ya milisekunde chache. Mkondo wa umeme uliomo, ambao ITER imeupangia ampea milioni 15, nao huporomoka na kuzalisha elektroni zinazokimbia bila breki, zenye uwezo wa kuyeyusha kigae cha ukuta. Kinga yake ni kurusha vipande vya neoni na haidrojeni iliyogandishwa, ili joto litoke kama mionzi na kutawanyika ukuta mzima.

Dhana: Sumaku huishika plazma kama sufuria ishikavyo maji.

Ukweli: Sufuria hiyo huvuja. Chembe zenye chaji huzunguka mistari ya uga wa sumaku, lakini huteleza kwa urahisi kuifuata, kwa hiyo bomba lililonyooka huzipoteza kwenye ncha zote mbili. Ndipo likakunjwa kuwa pete. Bado haitoshi: uga huwa mkali zaidi upande wa ndani wa pete, hivyo ayoni husogea juu na elektroni chini, au kinyume chake. Uga wa umeme unaozuka kati yao huisukuma plazma yote nje. Dawa ni kuisokota mistari. Tokamaki huisokota kwa mkondo unaopita ndani ya plazma. Wendelstein 7-X, mtambo wa aina nyingine ulioko Ujerumani, huisokota kwa umbo la koili zake 50 zilizopindapinda.

Dhana: Tayari mitambo ya sumaku inatoa nishati nyingi kuliko inayoingia.

Ukweli: Rekodi ya Disemba 2022 nchini Marekani, megajuli 3.15 zilizotoka kwa 2.05 zilizoingia, ilikuwa ya myeyungano unaowashwa kwa leza, si kwa sumaku. Kwa sumaku, JET, tokamaki ya Ulaya iliyokuwa Uingereza, mwaka 1997 ilitoa megawati 16 kwa megawati 24 za kupasha joto, na hapo umeme wa kuendesha mtambo haujahesabiwa.

Dhana: Myeyungano hauna mionzi.

Ukweli: Nyutroni, chembe zinazotoka kwenye myeyungano, hubeba asilimia 80 ya nishati yake. Hazina chaji, sumaku hazizioni. Hupenya hadi kwenye chuma na kukifanya kitoe mionzi.