Je, wajua kwa nini Wakristo wanaoamini Biblia ileile hutofautiana sana kuhusu siasa?

K ya pili katika jina la KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ni "Kiinjili". Nimekulia Moshi nikiamini kwamba neno hilo linatuunganisha na Wakristo wa kiinjili wa Marekani, wale wanaotajwa redioni kila uchaguzi wa kule unapokaribia. Juu ya hapo nikaamini kwamba watu hao, kwa kuwa wote wanasema Biblia haina kosa, lazima wawe na siasa moja.

Kosa la kwanza ni dogo. Neno letu lilipanda Kilimanjaro na wamisionari Wajerumani wa Leipzig mwaka 1893, na kwa Kijerumani linamaanisha tu kanisa lililotokana na Matengenezo ya Luther. Kule Marekani linamaanisha mtu aliyeokoka, anayeshika Biblia na kuhubiri toba. Hapa tungemwita mlokole, ingawa walokole wamo hata ndani ya KKKT.

Kosa la pili lilinichukua miaka kuliacha. Mwaka 1802 Rais Jefferson aliandika barua yake maarufu kuhusu ukuta kati ya kanisa na serikali. Aliowaandikia ni Wabaptisti wa Danbury, waumini shupavu walioogopa serikali kuingilia dini yao. Mwaka 1845 Wabaptisti wa Marekani waligawanyika juu ya utumwa, na kila upande ulikuwa na mistari yake ya Biblia. Mwaka 1971 Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio la kuunga mkono sheria za kuruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, ikiwemo kubakwa. Kufikia 1980 mkutano wao huohuo ulitaka katiba irekebishwe ili kuuzuia, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Hapo hakuna siasa moja, na wote hao ni wahafidhina wa imani.

Sababu ziko nyingi: rangi, mikoa, fedha. Lakini kuna moja iliyo ndani ya Maandiko yenyewe, nayo ndiyo iliyonivutia. Ufunuo sura ya 20 inataja miaka elfu ya utawala wa Kristo. Swali ni hili: Kristo anarudi kabla ya miaka hiyo, baada yake, au miaka yenyewe ni picha ya wakati huu wa kanisa?

Chukua nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara, imepigwa X nyekundu ukutani. Nani atapiga lipu nyumba yenye X? Utatoa watu na vyombo, basi. Hivyo ndivyo wengi wanaosema Kristo anarudi kabla ya miaka elfu wanavyoutazama ulimwengu: okoa roho, maana jengo linabomolewa.

Sasa chukua nyumba ya kijana aliye Dar anayejenga kwao Machame. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, halafu kupaua, naye atakuja Desemba nyumba ikiwa tayari. Wanaosema Kristo anarudi baada ya miaka elfu wanajiona mafundi wa nyumba hiyo, kwa hiyo sheria, shule na serikali ni matofali yao.

Ya tatu ni nyumba iliyokwisha, mwenyewe yuko safarini. Mtunzaji anafagia kila siku bila kujua ni lini honi italia getini. Huyo anaiona miaka elfu kuwa ni sasa. Atapiga kura na kulipa kodi, ila hatarajii bunge lilete mbingu.

Picha ya kwanza, ile ya X, ilienezwa na mhubiri John Nelson Darby katika karne ya 19, ikaongezewa fundisho kwamba waumini watanyakuliwa kabla ya dhiki kuu na kwamba Mungu ana mpango na Israeli mbali na kanisa. Mwaka 1909 ikatoka Biblia ya Scofield, yenye maelezo ya mafundisho hayo chini ya ukurasa uleule wa aya. Jicho linashuka kutoka neno la mtume hadi neno la mfafanuzi bila kufunua ukurasa. Naona hilo lilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri mengi.

Lakini X haielezi kila kitu. Mhubiri wa Marekani Jerry Falwell mwaka 1965 aliwakemea wachungaji walioandamana kudai haki za raia, akisema mhubiri hakuitwa kuwa mwanasiasa. Mwaka 1979 akaanzisha Moral Majority, shirika la kuwapeleka Wakristo wa kiinjili kwenye siasa. Imani yake kuhusu unyakuo haikubadilika. Kilichobadilika ni nchi iliyomzunguka, na fundisho halikumzuia.

Nasi je? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo KKKT inalishika, linakataa katika kifungu cha 17 wazo kwamba wenye haki watamiliki ufalme wa dunia kabla ya ufufuo. Hata hivyo, mikutano ya injili ikija viwanjani Moshi au Arusha, Walutheri wenzangu huimba kuhusu unyakuo kwa sauti kuu pamoja na Wapentekoste.