Je, wajua kuna vimeng'enya vya bakteria vinavyowasha na kuzima jeni?

Tumezoea kufundishwa kwamba kimeng'enya kazi yake ni kuharakisha mabadiliko ya kikemikali, basi. Kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze ni kazi ya protini nyingine, zile zinazokaa juu ya DNA. Bakteria hawakuusoma mgawanyo huo.

Mtazame PutA, kimeng'enya cha bakteria Escherichia coli, protini ndefu ya asidi amino 1,320. Kazi yake ni kuvunja prolini, mojawapo ya asidi amino, kwa hatua mbili, hadi iwe glutamati, asidi amino nyingine. Prolini ikiadimika, PutA hukosa cha kuvunja, lakini hakai bure. Kwa kipande kidogo kilicho mwanzoni mwa mnyororo wake, huishika DNA katikati ya jeni mbili: moja ni yake mwenyewe, nyingine ni ya PutP, mlango unaoingiza prolini ndani ya seli. Zote mbili hunyamaza. Yaani PutA anazuia PutA wengine wasizaliwe!

Prolini ikirudi, PutA huinyang'anya elektroni na kuzipokea kwenye FAD, molekuli itokanayo na vitamini B2 aliyoibeba ndani yake. FAD ikishapokea elektroni, umbo la PutA hubadilika kidogo na protini nzima huvutwa kwenye utando wa seli, ambako elektroni hukabidhiwa mnyororo wa upumuaji, yaani molekuli zinazozipokezana ili seli ipate nishati. Akienda huko, DNA ameiachia, na jeni zinaanza kusomwa. Hakuna tarishi aliyetumwa. Na wa nini, ikiwa anayeila prolini ndiye wa kwanza kujua kama ipo?

BirA naye, wa bakteria huyo huyo, hufanana naye ila kwa ujanja zaidi. Yeye hupachika biotini (vitamini B7) kwenye protini inayohusika na utengenezaji wa mafuta. Maadamu wateja wapo, yaani protini hizo zinazosubiri biotini, anashughulika nao. Wakiisha kuhudumiwa wote, BirA wawili, kila mmoja na biotini yake mkononi, hushikamana, hukaa juu ya DNA na kuzima jeni za kutengeneza biotini. Ninachokipenda hapa ni kwamba upande wa BirA unaogusana na mteja ndio huo huo unaogusana na BirA mwenzake. Mteja akiwa ameukalia, mwenzake hana pa kushika.