Kutoka Luano hadi Bunkeya: jinsi ya kutembelea historia ya Katanga

Wageni wanaofika Lubumbashi kwa ajili ya historia huniambia karibu wote jambo moja: "Tupeleke kwa Lumumba." Nawapeleka, lakini sianzii Shilatembo, porini alikouawa, na wengine hununa kwa sababu wamelipia motoka na wanataka picha mapema. Nilisoma historia kabla ya kuwa mwongoza wageni, na kazi hii imenifundisha kwamba mahali pa historia pafuatwe kwa mpangilio wa matukio yenyewe, ukiangalia saa na umbali. Ukiruka hatua, unaondoka na picha ya mnara tu.

Kwa hiyo tunaanzia Luano, uwanja wa ndege. Simu zinabaki mfukoni, maana kupiga picha uwanjani ni kujitafutia matata na askari. Tarehe 17 Januari 1961, kabla ya saa kumi na moja jioni, ilitua hapa ndege iliyotoka Moanda, kwenye pwani ya Kongo. Ndani yake alikuwemo Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa Kongo aliyeangushwa, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walikuwa wamepigwa njiani wakiwa angani. Askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden walikuwa zamu pale uwanjani. Waliwaona wakishushwa na kupakiwa kwenye magari.

Kutoka hapo tunaenda kwenye nyumba ya Brouwez, walikofungiwa jioni ile. Ni mwendo mfupi mno. Tukifika nawaomba wageni wageuke watazame tulikotoka, na hapo ndipo wengi wanaelewa bila mimi kusema sana. Nyumba haikuwa na mtu, ilikuwa karibu na uwanja, na kuifikia hakukuhitaji kuwapitisha wafungwa katikati ya mji. Mji huo, Lubumbashi ya leo, wakati ule ukiitwa Elisabethville, ndio uliokuwa makao ya Moïse Tshombe, rais wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo na kujitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960. Mawaziri wake walikuja hapa jioni ile, na wafungwa wakaendelea kuteswa.

Kisha barabara ya Likasi, kama kilomita 50. Leo utakaa nyuma ya malori ya shaba, utalipa peaji, yaani ushuru wa barabara, utakula vumbi. Shilatembo yenyewe ni pori la miombo, udongo mwekundu na vichuguu vikubwa kuliko motoka. Lumumba na wenzake walipigwa risasi hapa mmoja mmoja, kabla ya saa nne usiku, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Sasa piga hesabu mwenyewe: tangu ndege kutua hadi risasi ya mwisho, saa tano hazikutimia. Toa muda wa barabara uliyopita hivi punde. Zilizobaki hazitoshi kesi ya aina yoyote. Hilo limeandikwa vitabuni, lakini nimeona watu wazima wakilielewa kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama pale, saa mkononi.

Wanaoleta maua huuliza kaburi liko wapi. Halipo. Miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Lililobaki ni jino moja alilolichukua polisi wa Kibelgiji. Ubelgiji ililikabidhi kwa familia mwezi Juni 2022, likapitishwa Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Tshombe naye hakuzikwa kwetu. Alifia Algiers mwaka 1969 akiwa kizuizini, na kaburi lake liko karibu na Brussels.

Wengi hugeuza hapo warudi mjini. Mwenye nafasi namsihi aendelee kupita Likasi hadi Bunkeya, kwa sababu miongoni mwa waliotajwa katika mauaji ya 1961 yumo Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, na Munongo ni mzao wa M'siri, mtawala wa zamani wa Bunkeya. Mwaka 1976 alitawazwa kuwa mwami, yaani mtawala wa jadi, wa Wayeke, watu wa M'siri, cheo alichoshika hadi kufa kwake mwaka 1992.

M'siri alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, kwa biashara ya shaba na pembe, akajenga dola lake Bunkeya. Aliuza watumwa pia, na hilo silifichi hata mbele ya wenyeji. Mwaka 1890 alimfukuza Alfred Sharpe aliyemletea mkataba wa Waingereza ausaini. Desemba 1891 akaja Kapteni Stairs, mtu wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na wapagazi kutoka Zanzibar. M'siri akakataa bendera yao. Tarehe 20 Desemba afisa Omer Bodson akampiga risasi, naye Bodson akapigwa papo hapo. Wote wawili wakafa.

Vitabu vya wavumbuzi vinapenda kuishia kwenye bendera kupandishwa. Mimi nakaa zaidi kwenye wiki zilizofuata. Watu walikimbia mji, chakula kikaisha, na wapagazi wakafa kwa njaa na kuhara damu. Ukienda Bunkeya mwezi wa kumi na mbili utaona sababu: mvua imeshika, mahindi bado mabichi shambani, ghala za mwaka jana zimepungua. Wapagazi hao ni wanaume waliozungumza Kiswahili, waliobeba mizigo kutoka pwani, na majina yao hayapo kwenye mnara wowote ninaoujua huku. Nayataja machache ninayoyapata katika kumbukumbu za safari ile, kwa sauti, kila ninapofika.

Kwa barabara iliyo nzuri, njoo kati ya mwezi wa tano na wa kumi. Kwa kuielewa njaa ile, njoo Desemba, na ukodi motoka yenye magurudumu makubwa. Ukifika Bunkeya, kwanza nenda ukasalimie kwa mwami. Hakuna anayeonyeshwa kaburi la M'siri kabla ya salamu.