Mwandiko Haurithiwi Kama Pua

Jumamosi iliyopita mama mmoja alimleta kijana wake wa kidato cha pili barazani kwangu Magomeni, akanikabidhi daftari, na kabla sijalifungua akaniambia, "Mwalimu, nimekuja kujaribu tu, maana mwandiko huu kaurithi kwa baba yake, na baba yake kaurithi kwa babu." Kauli hiyo nimeisikia tangu nilipokuwa naandika majina kwenye vyeti na kadi za harusi, kabla hata sijaanza kufundisha. Wazazi huisema, walimu huisema mbele ya wanafunzi wao, na watu wazima wenye vyeo huisema juu yao wenyewe huku wakicheka, kana kwamba hakuna la kufanya. Imenichosha, na leo nataka kuijibu kwa urefu.

Kijana yule alikuwa na daftari jingine kwenye mkoba, la madrasa. Nikaomba nilione. Herufi za Kiarabu zilikuwa zimetulia juu ya mstari, alifu zote zimesimama kwa kimo kimoja, nukta zimewekwa mahali pake, na maneno yameachana vizuri. Mkono ulioandika ni ule ule, vidole ni vile vile, na damu ni ile ile ya baba na babu. Tofauti ni kwamba madrasani ustadhi alimsahihisha herufi moja moja mpaka ikakaa, ilhali shuleni, baada ya madarasa ya mwanzo, hakuna aliyeugusa tena mwandiko wake. Alipewa alama za majibu, na pambizoni akaandikiwa kwa wino mwekundu "Boresha mwandiko", bila kuambiwa aboreshe nini.

Mwandiko haukai mkononi. Mwalimu anapoandika ubaoni hutumia bega na mkono wote, na anapoandika kwenye daftari hutumia vidole, lakini ukiziweka hati hizo mbili pamoja utatambua kwamba ni za mtu mmoja. Umbo la herufi limehifadhiwa katika ubongo kama mazoea ya mwendo, na mazoea hufundishwa. Mwaka 1522 Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa nyaraka za Papa mjini Rome, alichapisha kijitabu cha kuwafundisha watu mwandiko wa kiitaliki hatua kwa hatua. Nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, Austin Norman Palmer aliwafundisha makarani na watoto wa shule kuandika kwa kuusogeza mkono wote badala ya kukunja vidole, na vizazi kadhaa vya Wamarekani vikatoka na hati zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja, ingawa wazazi wao walitoka nchi mbalimbali.

Hata hivyo, kauli ile ina sehemu ambayo siikatai. Wapo watoto wenye disgrafia, ambao ubongo wao unapata taabu ya kweli kupanga mwendo wa kuandika, na hao hawaponi kwa fimbo wala kwa kuambiwa kwamba ni wavivu. Wanahitaji muda zaidi na mtaalamu. Pia kila mtu ana mwinamo wake na mikunjo yake, na mimi siigusi kamwe. Mwandiko unaweza kulala, kusimama, kuwa mnene au mwembamba, na bado ukasomeka bila taabu. Ninachopigana nacho ni kutosomeka, na karibu kila mara chanzo chake ni herufi tatu au nne tu.

Nilipolifungua daftari la shule la yule kijana, neno la kwanza lililonisimamisha lilikuwa "baba", nalo lilisomeka "bubu". Mistari miwili chini yake "dada" amekuwa "dudu", na "kata" imekuwa "kuta". Kisa kizima ni herufi a isiyofungwa juu. Kalamu inaanzia juu upande wa kulia, inazunguka kushotoni, inashuka, inapanda kurudi ilikoanzia, na kabla haijagusa pale ilipoanzia inageuka na kushuka kwa haraka. Pengo dogo linabaki, na a imekwisha kuwa u. Katika Kiswahili kosa hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu a ndiyo herufi tunayoiandika mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kwa sababu maneno yetu mengi hutofautishwa na irabu peke yake. Msomaji anayekutana na a ishirini zilizo wazi katika aya moja halazimiki kukisia mara moja. Anakisia mara ishirini, na kufikia aya ya pili amechoka.

Jamaa wa kosa hilo ni n, u, m, w na i, ambazo zote hujengwa kwa vijiti vifupi vinavyosimama. Andika "mwanamume", "umuhimu" na "waumini" kwa haraka, kisha hesabu vijiti. Herufi n imefungwa juu na kuachwa wazi chini, u ni kinyume chake, na tofauti hiyo ndiyo pekee inayomwokoa msomaji. Wengi huzichonga zote kwa pembe kali juu na chini kama meno ya msumeno, kwa hiyo "umuhimu" linageuka kuwa ua wa miti uliochomekwa h katikati. Funika nusu ya chini ya mstari wako kwa rula, ujaribu kuusoma. Jicho hutegemea zaidi nusu ya juu ya herufi, kwa hiyo usipoweza kuusoma, ujue kwamba vichwa vya n na midomo ya u yako vimekwisha kufanana.

Hapa ndipo ninapokosana na ushauri ambao kila mtu anao mdomoni, yaani "andika polepole". Mwanafunzi anayeandika polepole kila mahali hutetemesha mstari, hubana kalamu, na hamalizi mtihani. Mwendo ubaki wa kawaida, ila kalamu itulie kidogo pale a inapofunga, na pale upinde wa n unapotoka kwenye kijiti.

Nafasi kati ya maneno nazo hunikera, kwa namna inayotuhusu sisi hasa. Lugha yetu hubandika viambishi, na neno moja kama "hawakutuandikia" lina herufi kumi na tano. Anayeandika kwa vidole tu, kiganja kikiwa kimegandishwa mezani, hufika katikati ya neno na vidole vikaishiwa, akanyanyua mkono, akausogeza, akaendelea. Pale aliponyanyua huacha uwazi, na msomaji anaona "hawakutu andikia". Nimewaona walimu wakikata alama wakidhani mtoto hajui sarufi, ilhali mtoto anaijua vizuri na kosa ni la kigasha kisichosogea. Kigasha kiteleze taratibu kwenda kulia kadiri neno linavyokua, na uwazi mkubwa ubaki kati ya neno na neno, upana wa herufi o moja hivi.

Kuhusu kalamu nitasema machache. Peni ya kitufe kidogo kinachobingirika, aliyoipatia hataza László Bíró mwaka 1938, hutumia wino mzito, na kitufe hicho lazima kisuguane na karatasi ndipo kibingirike. Ndiyo maana watu huikandamiza kupita kiasi. Geuza ukurasa wa kaunta buku yako na upitishe kidole nyuma yake. Ukihisi matuta kama ya maandishi ya vipofu, unakandamiza mno, na maumivu ya chini ya kidole gumba hayatokani na wingi wa kazi. Katika miezi ya joto la Dar es Salaam kiganja hulowanisha karatasi, peni ikateleza na kukataa kuandika, na mwandishi akazidi kukandamiza. Weka kipande cha karatasi kilichokunjwa chini ya kiganja, ukisogeze pamoja na mkono. Anayetumia mkono wa kushoto aielekeze karatasi upande wa kulia, asilazimishwe kuubadili mkono.

Juu ya mshiko wa kalamu nimepoteza uhakika niliokuwa nao. Miaka ya mwanzo nilimsahihisha kila aliyeshika kwa vidole vinne, au aliyekiweka kidole gumba juu ya kile cha shahada, na baadhi yao walirudi wiki iliyofuata wakiandika vibaya kuliko walivyokuja. Siku hizi kama mkono haumi na mstari ni safi, namwacha alivyo. Shaka yangu nyingine ni kubwa zaidi: nimeona wanafunzi ambao mwandiko wao umenyooka kabisa mbele yangu, kisha kwenye mtihani wa saa tatu ukarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo sasa nusu ya kila somo nafundisha kwa imla, kwa kasi ya kweli, saa ikiwa mezani, na sina hakika bado kama hiyo nusu inatosha.

Yule kijana aliondoka na kazi ya ukurasa mmoja kwa siku, wenye maneno "baba", "dada", "kata" na "umuhimu" peke yake, akiyaandika kwa mwendo wake wa kawaida na kuzungushia kwa penseli kila a iliyobaki wazi. Mama yake nimemwomba baada ya mwezi mmoja alete madaftari yote mawili, na la madrasa asilisahau.